Nilikata Ili Nione

Mpangaji mwenzangu hapa Nyakahanga ni nesi. Jumamosi asubuhi hufua sare zake uani, na harufu ya jiki hupanda mpaka dirishani kwangu. Mimi hufunga dirisha. Siku moja aliniuliza kama nina pumu, nikamjibu ndiyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Sina pumu. Harufu ile hunirudisha Kituntu, kwenye ndoo ya plastiki iliyowekwa chini ya mgomba mgonjwa, nami nikiwa darasa la nne, nimechuchumaa kando yake, nikiangalia mahali pasipo penyewe.

Kwetu kibanja si shamba la kwenda na jembe na kurudi jioni. Ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba kila upande, kiasi kwamba mgeni akiwa njiani huona moshi wa jiko kabla hajaona bati. Chini kumetandazwa nyasi, hata baada ya mvua mguu hautopei. Ndani ya kibanja kuna kivuli wakati wote, na ubaridi, na harufu ya majani yanayooza polepole ambayo mtu aliyekulia humo haisikii mpaka siku atakapohama. Wazee wetu wamezikwa humo humo. Tulicheza juu yao bila kufikiri.

Kibanja chetu kilikuwa cha Bibi, mama yake Baba. Alikitembelea kila asubuhi kabla ya chai, akigusa shina moja baada ya jingine kwa kiganja, kama mtu anayehesabu watoto wakitoka kanisani. Alijua kila mgomba ulitoka kwa nani na ulipandwa lini. Nyuma ya jiko kulikuwa na nshakala, ndizi fupi nene za kupika, ambazo alizipanda wiki niliyozaliwa mimi. Mkungu bora wa mwaka haukupikwa. Ulikwenda kanisani siku ya mavuno, kichwani mwa Bibi mwenyewe, hata alipokuwa na umri wa kubebewa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta. Nikikosea herufi daftarini nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha nililia kwa sababu ya tundu. Jioni tulipoomba, nikijikwaa neno moja katika Baba Yetu, nilirudia moyoni kutoka mwanzo, na nikijikwaa tena, tena. Wenzangu wote walikuwa wameshalala, mimi bado niko kwenye mkate wa kila siku. Bibi alinigundua midomo ikicheza.

"Unaomba nini muda wote huo?"

"Nilikosea, Bibi. Narudia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mungu si mwalimu wa hesabu, mwana wangu. Akishasikia, amesikia."

Lakini nilitaka kujua kwamba amesikia. Hapo ndipo tatizo langu lilipo mpaka leo. Vijana wenzangu hubishana kwenye simu usiku na mchana kama Mungu yupo. Mmoja anadai ushahidi, mwingine anasema imani haiombi ushahidi, na kila mmoja huondoka ameshinda. Mimi husoma yote na sichangii. Niliwahi kuutafuta ushahidi kwa mikono yangu, na nilichofanya kilimaliza chakula cha nyumba nzima.

Ugonjwa ulianzia kwa jirani yetu, Ta Laurian. Ta ni neno tunalotanguliza kwenye jina la mwanamume mwenye heshima yake, ingawa yeye heshima hiyo aliichezea kwa mdomo. Alikuwa Mkatoliki, sisi Waluteri, na mpaka kati ya vibanja vyetu ulikuwa safu ya miti ambayo yeye aliita ukuta wa Matengenezo ya Kanisa. Migomba yake ilianza kugeuka njano majani yakiwa bado machanga, yakavunjika shingo na kuning'inia. Mikungu ikaiva kabla ya wakati, upande mmoja mbivu, upande mmoja mbichi, na ukiimenya, ndani ina rangi ya kutu. Watu waliuita mnyauko.

Bwana shamba akaja. Alikuwa mwanamke kutoka Muleba, mwenye hereni na buti za mpira, lakini cheo ni cheo, kila mtu alimwita bwana shamba. Nilifuatana na Baba kwenda kuangalia.

"Mimi nilimwagia maji ya baraka," Ta Laurian alimwambia. "Ugonjwa ukanawa uso, ukaendelea na kazi."

"Pole, mzee," alisema bwana shamba, akijizuia kucheka. "Huenda si mnyauko. Huenda ni ukame tu."

"Wengine wanasema jua, wengine wanasema nimerogwa na shemeji."

"Tusibishane. Ukitaka kujua, unakata unaona."

Akachukua kisu, akakata shina la mgomba mmoja mlalo, akasubiri. Tulisubiri wote, hata Ta Laurian alinyamaza. Baada ya muda, kwenye ule mkato mweupe wenye majimaji, yakaanza kutokeza matone ya njano, mazito, kama usaha wa jipu. Niliinama karibu nikayagusa kwa kidole. Yalinata. Moyo wangu ulidunda, na nakumbuka vizuri kwamba haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Kumbe kuna jambo duniani ambalo watu wakibishana, mtu anaweza kukata na wote wakanyamaza.

Wakati mimi natazama kidole changu, bwana shamba alikuwa anatumbukiza kisu kwenye ndoo yenye maji na jiki, anakisuuza kwa muda mrefu, huku akimweleza Baba jambo fulani. Sikusikiliza. Niliona tu jinsi alivyokisuuza, nikakumbuka manesi wa hospitali wanavyonawa mikono, nikajiambia: ndivyo watu waliosoma walivyo, wasafi. Nilimpenda kwa usafi ule. Mimi niliyekuwa sikosi neno la mwalimu, niliyeandika hata yale ambayo hayakuwa ubaoni, siku ile nilikosa neno moja.

Wiki ile ile mashina matatu ya kwetu, upande wa mpakani, yakashika njano. Baba akayang'oa na kuyafukia kama alivyoelekezwa. Alitaka pia kung'oa mengine yaliyosimama karibu, kwa tahadhari. Bibi akasimama mbele yake na bakora.

"Haya matatu yameumwa, sawa. Hao wengine wamekukosea nini?"

"Mama, bwana shamba amesema tusingoje mpaka tuone."

"Bwana shamba wako amezaliwa juzi. Mimi nimekula kwenye kibanja hiki tangu naolewa, na baba yako yumo humu ardhini. Tutamwachia mwenye nacho."

Mama yangu alikuwa anamenya ndizi. Alitoka Kyerwa kuja kuolewa, na kwenye kibanja cha mkwe alikuwa hana kauli, kwa hiyo alizidi kumenya. Baba akaweka jembe chini.

Jumapili baada ya ibada, mwinjilisti alikuja na akina mama wa kanisa. Walizunguka kibanja chote wakiimba, kwa miguu pekupeku juu ya nyasi, wakisimama kila pembe kuomba. Bibi alikuwa mbele. Aliomba kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, maana Kiswahili kwake kilikuwa cha ofisi na cha wageni, na Mungu hakuwa mgeni. Ng'ambo ya miti Ta Laurian alikuwa ameegemea fimbo.

"Imbeni kwa sauti," alisema. "Migomba haina masikio."

"Aliyeiumba anayo," Bibi akamjibu bila kugeuka, na akina mama wakacheka katikati ya wimbo.

Walipomaliza, mwinjilisti alikusanya watu mbele ya nyumba. Alikuwa mtu mpole, mkulima kama sisi, mwenye vidole vyeusi vya kumenya ndizi na suti moja ya kijivu. Akasema, "Tumekabidhi. Sasa asiende mtu kuchungulia. Ukishafukia maharage, huyafukui kila asubuhi kuangalia kama yameota. Anayefukua ndiye anayeyaua."

Amina, wakasema.

Nilinyoosha mkono kama niko darasani. Watu wakageuka. "Mwinjilisti, tutajuaje kama amesikia?"

Hakukasirika. "Ukishajua, hiyo si imani tena, binti. Hiyo ni habari."

Watu wazima walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilibaki na swali langu limesimama vile vile. Nilitaka habari. Niliogopa kuishi juu ya kitu ambacho hakuna anayejua kama kipo. Tulikuwa tunamshukuru Mungu kabla ya kula, na kama hayupo, tulikuwa tunamshukuru nani, na kwa nini ndizi zilikuwa zinaendelea kuja? Na kama yupo na hakusikia, ni nani aliyekosea neno?

Kesho yake baada ya shule nilianza.

Nilitumia kisu kidogo cha kumenyea, chenye mpini wa mti. Bibi alikuwa amejilaza, Mama alikuwa kwenye maharage bondeni. Nilikuwa na utaratibu, na naueleza kama ulivyokuwa, kwa sababu nilijivunia sana. Kwanza nilivuka miti ya mpakani na kukata kidogo mgomba mgonjwa wa Ta Laurian, aliyekuwa hajamaliza kung'oa yake, nikaangalia ile njano. Nilifanya hivyo kila siku kabla ya kuanza, kwa kuwa jicho husahau, na sikutaka kuja kuona majimaji ya kawaida nikayadhania usaha, au kinyume chake. Nilitaka kulinganisha kwa haki. Kisha nilikifuta kisu kwenye sketi yangu ya shule, pande zote mbili, mpaka kikang'aa. Hatukuwa na jiki nyumbani. Kisha nilirudi kwetu, nikachagua mgomba, nikaukata kidogo nyuma, chini kwenye kikonyo cha jani, mahali ambapo Bibi asingeona. Nilisubiri kwa muda wa Baba Yetu tatu, zisizo na kosa. Nikiona hakuna njano, nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la sayansi, ambako nilikuwa nimechora kibanja chote, kila mgomba na namba yake, na kuweka alama ya vema.

Siku ya kwanza, safi. Siku ya pili migomba miwili, safi. Siku ya tatu, safi. Nikaanza kukata mingi zaidi kwa siku, kwa sababu ushahidi mmoja si ushahidi, na nilitaka kuwa na wote. Wa nyuma ya jiko, wa kwangu, niliuacha uwe wa mwisho kabisa. Nilipoukata na kungoja, na mkato ukabaki mweupe, nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kwa furaha. Mungu alikuwa amesikia. Yupo, na amesikia, na mimi nilikuwa na karatasi inayoonyesha.

Sijawahi kuwa na amani kama ya majuma yale, kabla wala baada. Nilipata usingizi mara tu nilipojilaza. Nikikosea neno katika sala nilipita tu, kama mtu anayeongea na ndugu. Baba alisema, "Huyu siku hizi anaimba kama redio iliyotiwa betri mpya." Na jioni Bibi alipoomba akisema tunakuamini ingawa hatujaona, moyoni nilimhurumia, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona.

Siku moja nilimsaidia kuokota majani makavu. Nilishindwa kujizuia.

"Bibi, migomba yetu ni mizima yote."

"Nani kakwambia?"

"Najua tu."

Aliacha majani, akanishika kidevu, akaniangalia kwa macho yake yaliyokuwa yameanza ukungu. "Hiyo ndiyo imani, mwana wangu. Mimi mzee kama hivi bado natetemeka, wewe mtoto unajua tu."

Nilipokea sifa ile. Ningeweza kumwambia palepale kuhusu kisu na daftari. Nilinyamaza kwa sababu aliniangalia kama mtu ambaye hatimaye amepata aliyemtafuta.

Njano ya kwanza ilitokea kwenye mgomba namba moja.

Nilijiambia ni jani moja. Baada ya siku chache namba mbili na namba tatu zikafuata, zote pamoja, majani yakavunjika katikati kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Kisha nne. Ugonjwa ulikuwa unafuata karatasi yangu. Ulikwenda kwa mpangilio ule ule, kama mwalimu anayesoma rejesta, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na rejesta. Mtu mzima angeshangaa, angeuliza, angekumbuka kisu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nilielewa mara moja, bila shaka yoyote: Mungu alikuwa ameipata karatasi. Alikuwa anapita kila mahali nilipomtilia mashaka, anagusa, anapita. Nilichana ukurasa ule nikautumbukiza chooni. Haikusaidia. Alikuwa ameshausoma.

Baba aling'oa mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nyumba ikaanza kuonekana kutoka barabarani. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi, bati letu likiwaka juani mchana kweupe, watu wakipita na kutuona tunakula. Mibuni ilibaki imesimama peke yake, mifupi, kama watu waliovuliwa makoti. Nyuma ya jiko, nshakala zilikuwa za mwisho kufa. Ta Laurian alikuja kutoa pole, hakufanya mzaha, na hilo lilinitisha kuliko mzaha.

Mwinjilisti alirudi. Tulikaa mbele ya nyumba, kwenye jua, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimeisha. Aliomba kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kwa upole, akiangalia chini, "Katika nyumba hii kuna aliyefukua?"

Nilihisi sketi yangu inalowa jasho mapajani. Mama alimtazama Baba, kwa kuwa Baba ndiye aliyetaka kung'oa. Baba alimtazama mwinjilisti, na nilidhani watagombana. Nilifungua mdomo. Nadhani nilifungua. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilifungua mdomo.

"Nitakuwa mimi," alisema Bibi.

"Mama, wewe tena?" Baba aliuliza.

"Siku ile tunazunguka tunaimba, pale pembe ya chini, niliwaza moyoni: na kama ikifa yote, tutapanda mihogo wapi? Niliwaza hivyo huku mdomo unaomba. Nimeshindwa kuacha kuwaza." Akanyoosha kanga yake magotini. "Nimefukua mwenyewe."

Mwinjilisti alimwambia Mungu ni mwingi wa rehema. Hakumwambia kwamba si yeye. Nami nilihisi nafuu, kama mtu aliyepita mtihani kwa kunakili. Nilikwenda kucheza. Naandika hili kwa sababu ni kweli: siku ile jioni nilicheza rede na watoto wa Ta Laurian, na nilishinda.

Kutoka siku hiyo Bibi alibadilika taratibu, bila mtu kusema. Sala ya jioni aliiachia Baba. Kanisani aliacha benchi la mbele, akakaa nyuma karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni na wenye watoto wanaolia. Siku ya mavuno alipeleka maharage kidogo kwenye kitambaa, akayaweka pembeni kabisa ya madhabahu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Asubuhi bado alitembea mahali kilipokuwa kibanja, kati ya mihogo na mahindi tuliyopanda, lakini mikono ilikuwa nyuma. Mahindi hayana shina la kuwekea kiganja.

Miaka ikapita. Nilimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kuendelea, nikajifundisha yaliyobaki kwa vitabu vya kuazima na kwa simu. Nilipata kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye duka la steshenari mjini. Siku moja kijana wa ofisi ya kata alileta kipeperushi cha kilimo nitoe nakala. Karatasi zilikuwa zinatoka mashinani zina joto, na mimi huwa nasoma kila ninachokitoa, nikitafuta makosa ya uchapaji. Nikasoma kwamba kisu kilichokata mgomba mgonjwa huhamisha mnyauko kwenda kwenye mgomba mzima, na kwamba kukifuta tu hakutoshi, lazima kipitishwe motoni au kwenye jiki.

Ningependa kusema ndipo nilipojua. Sina hakika. Jambo lile lilishasemwa kwenye mikutano, kwenye redio, hata shuleni. Nadhani nilishalisikia mara nyingi na kila mara nilikuwa natazama pengine. Siku ile karatasi zilikuwa mkononi mwangu na hapakuwa na pa kutazama. Nilizima mashine. Kijana akaniuliza, "Dada, wino umeisha?" Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo haikuwa adhabu, wala haikuwa imani ya Bibi kupungua. Nilikuwa mimi, kila siku baada ya shule, nikichota ugonjwa kwa jirani kwa ajili ya kulinganisha kwa haki, na kuupanda kwenye kila mgomba wa nyumbani, nikiweka alama ya vema. Mwinjilisti alisema anayefukua ndiye anayeua, na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu isiyomhusu Mungu hata kidogo. Na bado hainisaidii. Huenda zile alama zangu zilikuwa za kweli. Huenda siku zile migomba ilikuwa imeponywa, imelindwa, kama walivyoomba, na mimi ndiye niliyekiharibu kilichokuwa kimetolewa. Huenda haikulindwa na yeyote, ilikuwa tu bado haijafikiwa. Hakuna namna ya kujua sasa. Nilikuwa na jaribio moja maishani na nililiua kwa kulipima. Bibi hakuchungulia, migomba yake ikafa. Mimi nilichungulia, ikafa. Nikiwasikia wenzangu wanauliza kipi ni bora kati ya ushahidi na imani, nakosa la kusema, maana najua jinsi vyote viwili vilivyotuacha juani.

Lakini Bibi alikuwa bado hai, na jambo moja lilikuwa bado linawezekana. Ningeweza kumwambia si yeye.

Nilitaka kwanza kuwa na uhakika. Nilikwenda ofisi ya kata, nikamuuliza bwana shamba mpya, kijana wa makamo yangu, bila kusema kwa nini.

"Kisu kinaweza kumaliza kibanja kizima?"

"Kinaweza, dada. Ila na nyuki wanapeleka, wanatua kwenye maua. Na mbuzi. Na jembe la kuazima."

"Kama ugonjwa ulifuata mpangilio wa mikato?"

"Basi inawezekana ni kisu."

"Inawezekana, au ndiyo?"

Alicheka. "Dada, ulikuwepo? Mimi sikuwepo. Inawezekana."

Nilirudi na inawezekana yangu. Nilijiambia siwezi kumpelekea mzee neno lisilokamilika. Nikimwambia ni kisu, halafu iwe ni nyuki? Nitakuwa nimempa uongo mwingine. Niliandika maneno ya kumwambia, nikayafuta, nikayaandika tena. Nilikwenda Kituntu mara nne, kila mara nikiwa nimekariri. Mara ya kwanza kulikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa na homa. Mara ya tatu tulikaa wawili tu mchana mzima, tukichambua maharage, na sikusema. Sina sababu ya mara ya tatu.

Mara ya nne alikuwa hainuki tena. Baba alikuwa nje anaongea na watu waliokuja kumwona. Bibi alinipapasa mkono, akauliza kwa Kinyambo, polepole, kama anauliza njia, "Unadhani atanipokea?"

"Nani, Bibi?"

"Mimi niliyemwonea shaka."

Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa yamepangwa, yamesahihishwa, yako mdomoni. Ningesema: Bibi, ulikuwa mzima, imani yako ilikuwa nzima, ni mimi nilikata. Lakini angeniuliza una hakika? Na mimi ningesema inawezekana. Nilimfunika bega kwa shuka.

"Pumzika, Bibi," nikasema.

Alifumba macho kwa utii. Alikufa baada ya siku mbili, nikiwa kazini.

Tulimzika pale pale, kati ya mihogo, kando ya babu. Udongo ulikuwa mkavu na mwekundu, na watu walisimama juani wakiwa wamejifunika kanga na magazeti. Mwinjilisti, ambaye sasa alikuwa mzee na anatembea kwa kushikwa, alisema tunamzika mama ambaye hakutikisika. Baba alikuwa kando yangu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Bibi yako alikulea mikononi mwake. Sema neno."

Nilikuwa nimeandika karatasi usiku kucha. Niliitoa mfukoni, nikaitazama. Yote yalikuwemo, kisu, mpaka wa Ta Laurian, sketi, alama za vema. Watu wakangoja. Niliikunja tena.

"Bibi yangu alikuwa mtu wa imani," nikasema.

Ilikuwa sentensi fupi, haikuwa na kosa hata moja, na watu wote wakasema amina.